Lepe Moja

Juzi niliandika sabini na nne
penye arobaini na saba.
Gunia la dagaa, mnunuzi Bi Nkwimba,
ambaye mizani yake ni jicho.
"Karani," akasema, "hili gunia limezaa lini?"
Mwaloni nzima ikacheka.
Na mimi nikacheka, nimechelewa kidogo,
kama redio ambayo betri zinakufa.

Walisema ni malaria. Nikapima, hamna.
Wakasema damu imepungua. Nikala maini, nikala mchicha,
nikanywa rozela hadi ulimi ukawa wa kasuku.
Shemeji yangu Bugumba akasema ni kijicho cha watu,
karani mwenye kiti na mwavuli hakosi maadui.
Hakuna aliyeuliza kaswali kadogo:
jana ulilala saa ngapi?

Ningejibu nini?
Nyumba yangu huku Mabatini imeegemea jabali.
Jabali hunywa jua kutwa nzima
na usiku, kama mlevi, hulitapika
ukutani, hapa kwenye utosi wangu.
Nageuka. Mto una moto.
Naugeuza mto. Na upande wa pili una moto.
Nachukua simu niangalie saa tu,
saa tu jamani,
na saa inanionyesha harusi ya mtu wa Bariadi nisiyemjua,
halafu ugomvi wa mpaka wa shamba, halafu goli,
halafu goli lile lile kwa pembeni.
Dirishani, kule ziwani, taa za wavuvi wa dagaa
zimejipanga kama mtaa uliohamia majini.
Wale wanakesha kwa malipo.
Mimi nakesha bure.

Kumbuka shuka kumekucha.

Asubuhi chai ya rangi, vikombe viwili vya kuniamsha.
Saa nne kahawa.
Saa kumi kahawa tena, ili nifike jioni nikiwa mtu,
na kile kikombe cha saa kumi
nakikuta kitandani saa sita za usiku,
kimekodoa macho, kinataka mazungumzo.

Holo, mwanangu, ana miaka mitano.
Hulala tonge likiwa mkononi.
Hajadiliani na usingizi, haulizi bei.
Nilimtazama usiku ule wa gunia lililozaa
nikaona wivu, wivu wa kweli,
kwa mtoto wangu mwenyewe.

Kesho yake nikakivuta kitanda hadi upande wa mlango,
jabali likabaki na jua lake.
Simu nikaizika kwenye debe la unga:
anayenipigia usiku na aongee na sembe.
Kahawa mwisho adhuhuri. Kuamka saa kumi na mbili,
hata Jumapili, hata kama nimefumba macho alfajiri.
Baa ya jirani sikuiweza. Nani ataiweza?
Nikatia pamba masikioni.

Wiki ya kwanza, patupu.
Nililala chali kama dagaa aliyeanikwa mchangani Igombe,
nikavizia usingizi, nao ukanivizia.
Ndipo nikaacha kuvizia. Ukigoma, nainuka,
naketi kwenye kigoda gizani
nabambua karanga za Bugumba, moja moja,
mpaka vidole vyenyewe visinzie.
Karanga nimebambua debe zima.
Bugumba anadhani nampenda.

Si kila usiku. Jumanne nilishindwa,
nikalifukua debe, nikatoka na nyusi nyeupe
na goli jingine kwa pembeni.

Lakini leo nimefungua mlango
nikakuta ndoo iliyokuwa tupu chini ya bati
imejaa mpaka inamwagika,
ua umekuwa tope, kandambili ya Holo imesombwa mpaka kwa jirani.
Bati letu ni kuukuu, tone moja tu hupiga kelele kama kijiko kwenye sufuria.
Nikasimama, mswaki mdomoni,
nikauliza kwa sauti, kama Bi Nkwimba:
hii mvua imenyesha lini?